Uweza wa Mungu, haki yake, na mateso ya watu

Kama Mungu anaweza yote, na kama yeye ni mwenye haki na mwenye upendo, mbona asiye na kosa anateswa? Swali hili ni la zamani kuliko Kanisa. Lactantius, mwandishi Mkristo wa karne ya 4, aliliandika kuwa ni la Epicurus, mwanafalsafa Mgiriki: ama Mungu anataka kuondoa uovu lakini hawezi, ama anaweza lakini hataki. Mwaka 1710 Mjerumani Leibniz alitoa kitabu kilicholipa jambo hili jina lake la shuleni, teodisia, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, Mungu na haki. Huku kwetu mashariki ya Kongo swali linakuja bila jina. Linakuja kwenye kilio, usiku, watu wakiwa wamekaa kwenye mikeka: kwa nini sisi?

Majibu mawili hutolewa haraka katika makanisa yetu. La kwanza: ni mapenzi ya Mungu. La pili, ambalo linasikika sana katika vyumba vya maombi: kuna dhambi iliyofichwa, au laana ya ukoo, tufunge siku tatu ili ijulikane. Tunasema wazi kwamba majibu haya, yakitolewa hivyo, hayatoki katika Injili.

Tusome Luka 13:1-5. Watu wanamletea Yesu habari za Wagalilaya ambao Pilato aliwaua walipokuwa wakitoa dhabihu. Yesu mwenyewe anaongeza habari nyingine, ya watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. La kwanza ni mauaji yaliyofanywa na mtawala. La pili ni ajali. Katika yote mawili Yesu anakataa wazo kwamba waliokufa walikuwa wabaya kuliko wengine, kisha anawageukia walio hai na kuwadai toba. Hampi mtu yeyote kazi ya kuchunguza maisha ya marehemu. Katika Yohana 9 anafanya vivyo hivyo wanafunzi wanapouliza ni nani aliyetenda dhambi, kipofu yule au wazazi wake.

Hapa kwetu Siloamu ina majina. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji wa Goma hadi ziwani. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mvua iliteremsha matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi katika eneo la Kalehe, na waliokufa walikuwa zaidi ya 400. Kwa nini Mungu aliacha mvua ile inyeshe pale, saa ile? Maandiko hayatupi sababu, na mhubiri anayeitaja sababu hiyo ameipata kwingine. Paulo anasema tu kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja vikingojea ukombozi (Warumi 8:22). Lakini si kila kitu pale ni siri: vilima vilivyomalizwa miti na nyumba zilizojengwa kwenye njia ya maji ni mambo ya kuulizwa kwa wanadamu.

Mambo ya Pilato ndiyo mengi zaidi kwetu, na ndipo neno «mapenzi ya Mungu» linapofanya hasara kubwa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 ilieleza matukio 617 ya uhalifu mkubwa katika nchi yetu kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Kila tukio lilikuwa na watu waliotoa amri na watu waliozitimiza. Waliohukumiwa ni wachache mno. Tukisema mbele ya kaburi kwamba Mungu ndiye aliyependa iwe hivyo, tunakuwa tumemfutia mwuaji kesi yake, tena kwa jina la Bwana. Biblia haifanyi hivyo. Damu ya Habili inalia kutoka ardhini na Kaini anaulizwa (Mwanzo 4:9-10). Hata Imani ya Mitume, tunayoikiri Jumapili, inataja mateso ya Bwana pamoja na jina la mkuu aliyetawala wakati huo: ni Pilato yuleyule. Mungu alikuwa na kusudi lake msalabani, ndiyo. Jina la Pilato halikuondolewa kwa sababu hiyo.

Augustino wa Hipo, Mwafrika wa kaskazini (354–430), alilazimika kulijibu swali hili baada ya Roma kutekwa na kuporwa mwaka 410. Wanawake Wakristo walikuwa wamenajisiwa na askari, na wapagani waliwacheka. Katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu aliandika kwamba usafi wao haukupotea, kwa maana hatia ni ya aliyetenda, si ya aliyetendwa. Mbele kidogo katika kitabu hichohicho anawauliza wanawake hao kama hawakuwa na kiburi cha siri moyoni. Hapo sisi hatumfuati. Lakini lile neno la kwanza lilipaswa kuhubiriwa Kivu nzima. Hospitali ya Panzi, ambayo daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji, aliianzisha Bukavu mwaka 1999 na inayosimamiwa na CEPAC, imewatibu maelfu ya wanawake walionajisiwa. Wakirudi nyumbani, wengine wanakuta mume amefunga mlango, na kanisani wanaambiwa waungame. Waungame nini?

Basi uweza wa Mungu uko wapi? Neno la Kigiriki tunalotafsiri «Mwenyezi» lina maana ya yule anayeshika na kutawala vyote. Halisemi kwamba kila kinachotendeka amekiagiza. Kama ingekuwa hivyo, tusingefundishwa kuomba mapenzi yake yatimizwe duniani. Jürgen Moltmann, aliyekuwa askari kijana wa Ujerumani na kisha mfungwa wa vita, aliandika mwaka 1972 juu ya Mungu aliyesulibiwa: Mungu hakuyatazama mateso kutoka mbali, aliingia ndani yake. Tunakubali, ila mateka hasaidiki sana akiambiwa tu kwamba ana mwenzake kifungoni. Siku ya tatu Mungu alitangua hukumu ya Pilato. Huo ndio uweza tunaouhubiri, na ndiyo sababu roho zilizo chini ya madhabahu katika Ufunuo 6:10 zinaweza kuuliza hata lini, wala hazikemewi kwa kuuliza.

Kuuliza huko kuna nafasi katika ibada. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, lakini imo katika Biblia. Katika matanga mengi tunakimbilia nyimbo za ushindi kabla mama hajamaliza kulia. Rafiki watatu wa Ayubu walifanya vizuri zaidi mwanzoni: walikaa chini pamoja naye siku saba bila kusema neno. Walipofungua kinywa wakaanza kumtafutia dhambi. Ayubu hakuambiwa kamwe yaliyosemwa mbinguni katika sura mbili za kwanza, na Mungu alipomjibu alimwuliza maswali juu ya bahari, mvua na wanyama wa porini. Lakini hasira ya Mungu iliwaka juu ya wale rafiki. Aliwatuma kwa Ayubu na ng'ombe dume saba na kondoo dume saba, ili yeye, kabla hajarudishiwa kitu chochote, awaombee.