Nidhamu na Fimbo katika Historia ya Karagwe

Husikika mara nyingi katika mazungumzo ya walimu na wazazi, huko Karagwe na Kyerwa kama kwingineko nchini, kwamba mtoto wa Kiafrika haongoki pasipo fimbo, na kwamba kiboko ni sehemu ya mila zetu. Wasemao hivyo huitegemea methali: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Katika makala hii tunakusudia kuyapima maneno hayo kwa mizani ya historia. Je, nidhamu ya wazee wetu ilisimama juu ya fimbo? Na kama sivyo, ilisimama juu ya nini?

Yafaa kwanza tuifahamu nchi tunayoizungumzia. Wilaya ya Kyerwa iligawanywa kutoka Wilaya ya Karagwe mwaka 2012, lakini historia yao ni moja, historia ya ufalme wa Karagwe uliokuwa na makao yake Bweranyange. Mwezi Novemba 1861 Mfalme Rumanyika aliwapokea wasafiri Waingereza, John Hanning Speke na James Grant, na Grant alipougua mguu aliachwa huko kwa miezi kadhaa chini ya ulinzi wa mwenyeji wake. Speke aliandika jinsi alivyosimuliwa habari za Rumanyika kuupata ufalme. Baba yao, Ndagara, alipofariki, wana watatu waligombea kiti. Ikawekwa mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, ambayo kwa nguvu za dawa ilikuwa nzito kwa yeyote asiyestahili. Ndugu zake wakashindwa kuiinua. Rumanyika akaiinua kwa kidole kidogo.

Simulizi hii ina funzo. Ni kweli kwamba Rumanyika alipigana na nduguye Rogero, na silaha zilimsaidia kumshinda. Hata hivyo, watu wa Karagwe walipoeleza kwa nini yeye ndiye mfalme wa haki, hawakutaja silaha; walitaja ngoma. Walijua kuwa nguvu humnyamazisha mtu, bali haki ya kuongoza hutoka kwingine.

Malezi ya watoto nayo yalifuata fikra hiyo. Jioni, penye moto, mtoto alifundishwa kwa hadithi, vitendawili na methali, na kwa tenzi zilizoimbwa kwa enanga. Vijana wa kiume katika falme za Buhaya na Karagwe walipitia omuteko, yaani kundi la rika lililokwenda kupata mafunzo chini ya ufalme. Huko walijifunza silaha, utii, ustahimilivu na adabu ya kusema mbele ya wakubwa. Hatusemi kwamba maisha hayo yalikuwa laini. Mafunzo yalikuwa magumu, adhabu zilikuwapo, na shabaha yake ilikuwa kumpatia mfalme watumishi na askari watiifu. Lakini nyumbani na kijijini aliyemwadhibu mtoto alimjua: alijua jina lake, ukoo wake, mwiko wa ukoo huo, na shida za nyumba aliyotoka. Tena yeye mwenyewe alikuwa chini ya macho ya jamaa, na aliyepita kiasi aliulizwa. Adhabu ilikuwa tawi; shina lake lilikuwa ujamaa.

Kiboko kama tunavyokijua kilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1890 Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba, na Karagwe ikaingizwa chini ya utawala huo. Katika koloni zima mjeledi wa ngozi ya kiboko ukawa chombo cha serikali. Amri ya mwaka 1896 iliweka mpaka wa viboko 25 kwa mara moja, na hapo ndipo lilipoenea neno "hamsa-ishirini" ambalo wazee walilikumbuka kwa uchungu. Waliochapwa walikuwa wapagazi, vibarua na watu wazima waliokataa kazi ya shuruti. Shule za kikoloni, za Wajerumani na kisha za Waingereza walioiteka Bukoba mwaka 1916, zilikua katika mazingira hayo. Walikuwapo walimu wengi wenye huruma, lakini shule ilitakiwa kutoa makarani na wasaidizi watiifu, na fimbo ilipata kiti chake darasani. Kwa hiyo anayesema kwamba kiboko cha shuleni ni mila yetu anauita urithi wa bwana kuwa urithi wa baba.

Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alitaka shule iwe jumuiya ambamo wanafunzi hushiriki kuamua mambo yao. Fimbo haikuondoka, ila sheria iliiwekea mipaka. Kanuni za mwaka 1979 ziliruhusu viboko visivyozidi sita. Zile za mwaka 2002 zikapunguza hadi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kupita mipaka hiyo si jambo dogo. Mwezi Agosti 2018, katika mkoa huu huu wa Kagera, mwanafunzi wa darasa la tano mjini Bukoba alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya kuiba mkoba, na shauri likafika Mahakama Kuu. Hakuna mila inayoweza kuhalalisha kifo hicho.

Mwalimu wa leo ana mzigo mzito. Tangu elimu bila ada ilipofika sekondari mwaka 2016, madarasa yamejaa, na katika umati ni rahisi kumfahamu mwanafunzi kwa kosa lake tu. Hapana budi kuanza na majina. Anayechelewa kila Jumatatu huenda huteka maji bondeni kabla ya kupambazuka. Anayesinzia huenda alikuwa akichuma kahawa jana hadi giza. Mwalimu aulizaye kabla ya kuadhibu hapungukiwi heshima. Kanuni za darasa zitungwe pamoja na wanafunzi mwanzoni mwa muhula, nazo ziwashike wote sawa, mwenye akili na mzito, mtoto wa mkulima na mtoto wa kiongozi. Onyo litolewe faraghani, na mzazi aitwe mapema, kosa lingali dogo.

Wala tusichanganye upendo na ulegevu. Mwalimu si rika la mwanafunzi. Mazoea ya utani usio na mpaka, na hasa mazoea mabaya na wasichana, huvunja nidhamu kuliko kelele za darasa zima. Mwalimu yu katika nafasi ya mzazi, na mzazi huwa karibu pasipo kupoteza heshima.

Tukirudi Bweranyange, tutaikumbuka ile ngoma ndogo. Kila mwalimu aingiapo darasani huikuta mbele yake, na wanafunzi wote wanatazama. Mwenye fimbo mkononi anaweza kuwanyamazisha, lakini asipowajua na kuwatendea haki, ngoma itabaki chini. Tuifundishe mila hiyo kwa watoto wetu, kwa kuwa hiyo ndiyo yetu.