Samaki hai wa mapambo: Jinsi ya kuunga taa ya UV na chujio la kanista kwenye tangi la kuhifadhia

Samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika ni bidhaa inayovuka mipaka tangu zamani. Ziwa hilo linamilikiwa na nchi nne: Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia. Katika miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akisafirisha samaki hao kutoka Bujumbura kwenda kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani. Hadi leo aina kama Tropheus, Julidochromis na Cyphotilapia zinatafutwa sana na wanunuzi wa nje.

Mzigo huu hauna simile. Mahindi yakichelewa mpakani siku mbili bado ni mahindi, lakini samaki akifa mfukoni hana bei. Hasara nyingi huanzia kwenye tangi la kuhifadhia, kabla gari halijaondoka. Samaki wa wavuvi mbalimbali huchanganywa, mmoja anakuja na ugonjwa, na baada ya siku chache tangi zima limeambukizwa. Makala haya yanaeleza namna ya kuunga taa ya UV pamoja na chujio la kanista ili kupunguza hatari hiyo.

Kila kifaa na kazi yake

Chujio la kanista ni chombo kilichofungwa, kinachokaa nje ya tangi, mara nyingi chini yake. Maji hushuka kwa mpira mmoja, hupita kwenye sponji na vijiwe, kisha pampu huyarudisha juu kwa mpira wa pili. Bakteria wazuri wanaoishi kwenye vijiwe hivyo hugeuza amonia inayotoka kwa samaki kuwa kitu kisicho na sumu kali. Jambo hili ni muhimu zaidi kwa samaki wa Tanganyika, kwa sababu maji yao yana pH ya karibu 9, na pH ikiwa juu amonia huwa na sumu zaidi.

Taa ya UV hutoa miale ya urujuanimno ya nanomita 254, ambayo huharibu vimelea, bakteria na mwani wa kijani unaoelea. Huua kile tu kinachopita mbele yake. Haimtibu samaki ambaye tayari ana vimelea mwilini. Bakteria wazuri hawadhuriki, kwa kuwa wameng'ang'ania vijiwe na hawaelei majini.

Chukua mfano wa ugonjwa wa madoa meupe. Kimelea hukua kwenye ngozi ya samaki, hudondoka chini ya tangi, hugawanyika na kutoa watoto mamia wanaoogelea kutafuta samaki mwingine. Ni hao waogeleaji tu ambao taa inaweza kuwanasa.

Kasi ya maji ndiyo siri

Maji yakipita mbio, miale haipati muda wa kufanya kazi. Ukipunguza kasi kwa nusu, muda wa maji kukaa mbele ya taa huongezeka mara mbili. Vimelea vinahitaji miale mingi kuliko mwani, mara kadhaa zaidi. Kwa hiyo taa nyingi huandikwa vipimo viwili: kasi kubwa kwa mwani na kasi ndogo kwa vimelea. Mfanyabiashara wa samaki afuate ile ndogo.

Usitegemee namba iliyoandikwa kwenye boksi la chujio. Namba hiyo hupimwa kwa kawaida chujio likiwa tupu, na kadiri uchafu unavyojaa kasi hupungua. Pima mwenyewe: elekeza mpira wa kurudishia kwenye ndoo ya lita 10 na uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 40, kasi ni lita 900 kwa saa.

Njia mbili za kuunga

*Njia ya kwanza: mstari mmoja.* Kata mpira wa kurudishia na uweke taa katikati, baada ya chujio. Kamwe usiiweke kabla ya chujio, kwani uchafu hutia kivuli na vijidudu hupita salama nyuma yake. Njia hii ni rahisi na ina maungio machache ya kuvuja. Inafaa pale kasi ya chujio inapolingana na kipimo cha taa.

*Njia ya pili: njia ya pembeni.* Tuseme chujio linatoa lita 900 kwa saa na taa yako inataka lita 400. Ukilibana chujio hadi lita 400, maji ya tangi hayatasafishwa vya kutosha. Badala yake, weka tii kwenye mpira wa kurudishia. Tawi moja liende tangini moja kwa moja, jingine lipite kwenye taa. Weka koki kila tawi, na kila tawi liwe na mdomo wake tangini. Rekebisha koki hadi tawi la taa litoe lita 10 kwa sekunde 90, yaani lita 400 kwa saa. Faida nyingine ni kwamba unaweza kufunga tawi la taa na kubadilisha balbu bila kuzima chujio.

Kwa njia zote mbili, zingatia yafuatayo:

- Kama kuna haja ya kubana maji, bana upande wa kurudishia tu. Ukibana upande wa kunyonya, pampu itakosa maji na kuingiza hewa.
- Funga taa ili maji yaingie chini na kutokea juu, hewa isijikusanye ndani.
- Ukubwa wa mpira ulingane na mdomo wa taa, na kila ungio lifungwe kwa klipu.
- Waya wa umeme uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yadondoke sakafuni.
- Jaribu mfumo wote kwa saa 24 bila samaki.

Umeme na usalama

Washa chujio kwanza, hakikisha maji yanapita, ndipo uwashe taa. Taa ikiwaka bila maji kupita hupata joto na kuharibika. Usiitazame balbu ikiwa inawaka. Huchoma macho na ngozi. Chomoa umeme kabla ya kuingiza mkono majini. Balbu ina zebaki, hivyo ifungwe vizuri safarini na isivunjwe jalalani.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, maji yaliyofungiwa ndani ya kanista huishiwa oksijeni na bakteria huanza kufa. Usiwashe tu jenereta na kuondoka. Fungua chujio, suuza sponji kwa maji ya tangi, kisha uwashe.

Matunzo

Balbu huweza kuendelea kuwaka huku nguvu yake ya kuua imekwisha. Nyingi hubadilishwa baada ya saa 8,000 hivi, sawa na miezi 11 ikiwashwa usiku na mchana. Andika tarehe ya kuifunga kwenye kasha lake. Mrija wa kioo unaozunguka balbu hupata ukoko mweupe wa chokaa, hasa kwa maji magumu ya Tanganyika. Ufute kwa siki. Ukitia dawa tangini, zima taa, kwa sababu miale huharibu baadhi ya dawa.

Kabla ya kupakia

Taa haiwi mbadala wa karantini. Samaki wapya wakae peke yao, na kila tangi liwe na wavu wake. Wasimamishiwe chakula siku moja hadi mbili kabla ya kufungwa kwenye mifuko ya oksijeni, ili wasichafue maji njiani.

Kwa wasafirishaji: msifungue mifuko mpakani bila sababu. Njiani samaki hutoa amonia na hewa ya ukaa, na hewa hiyo hushusha pH na kupunguza makali ya amonia. Mfuko ukifunguliwa hewa ya ukaa hutoka, pH hupanda, na amonia hurudia ukali wake. Andaeni vibali na cheti cha afya ya samaki mapema, na mwelezeni ofisa kwa heshima kwamba samaki wahesabiwe wakiwa ndani ya mifuko iliyofungwa. Dakika chache za mazungumzo huenda zikaokoa mzigo mzima.