Raba za Tairi Chini ya Land Rover

Ukipanda Land Rover ya zamani hapa Bariadi, kioo cha pembeni kikatetema mpaka huoni kinachokuja nyuma, usimlaumu Mwingereza aliyeiunda. Mlaumu fundi aliyefunga injini.

Injini ya silinda nne haitulii. Pistoni mbili zikipanda, mbili zinashuka, lakini huku juu huenda kasi kuliko huku chini, basi kila mzunguko injini nzima hurushwa mara mbili. Injini za magari mengi ya mwanzo zilifungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye chesisi, abiria akaupokea mtetemo wote mgongoni. Mwaka 1931 Chrysler ya Marekani ikatoa Plymouth ambayo injini yake imening'inia kwenye raba, moja juu kule mbele, nyingine chini nyuma ya giaboksi. Citroën ya Ufaransa nayo ikaununua ufundi huo.

Land Rover zetu, Series II ya 1958 na Series III ya 1971, zina raba nne: mbili ubavuni mwa injini, mbili kwenye giaboksi.

Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni ziliadimika, vipuri vikawa hadithi. Wakati huo tulikuwa mkoa wa Shinyanga, Simiyu haikuzaliwa mpaka 2012, na msimu wa pamba haumsubiri mtu. Mzee aliyenifundisha kazi alichukua tairi chakavu la General Tyre ya Arusha, tairi lile lile la kukatia katambuga, akalikata kwa kisu kilicholowa maji. Raba moja aliiweka juu ya mkono wa injini, nyingine chini yake. Tundu la mkono alilipanua, bolti akaivisha kipande cha hosi ya rejeta. Hapo ndipo wengi huharibu: bolti ikigusa chuma cha injini na cha chesisi kwa pamoja, raba ni pambo tu, mtetemo unapita kwenye bolti. Nati aliziweka mbili, ya pili ya kuifunga ya kwanza, wala hakuikaza raba mpaka ikabonyea.

Tairi lina nyuzi ndani, ni gumu kuliko raba ya kiwandani. Gari lilitetema, lakini Lamadi lilifika.

Siku hizi za kiwandani zinapatikana. Mwenye gari, kabla hujanunua, ziba kwanza oili inayovuja. Oili huvimbisha raba na kuilainisha, na hiyo mpya haitamaliza msimu.