Sheria Mbili za Wakimbizi katika Nchi ya Buha

Historia ya Kanisa katika nyanda hizi za Kibondo na Kasulu haiwezi kuandikwa pasipo kuwataja wakimbizi, wala habari zao hazieleweki pasipo kuzitazama sheria mbili zilizotungwa na Bunge letu. Mpaka wa Burundi uliwekwa na wakoloni kati ya watu ambao, mmoja akisema Kiha na mwingine Kirundi, husikilizana bila mkalimani.

Sheria ya kwanza, ya Udhibiti wa Wakimbizi, ni ya mwaka 1965. Ilikuwa kali tangu jina lake. Waziri aliweza kulitangaza kundi zima kuwa wakimbizi, na maofisa waliweza kuwaamuru mahali pa kukaa. Hata hivyo, itakumbukwa kwamba chini ya sheria hiyo hiyo Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri Duniani, lilishiriki kuyajenga makazi hayo. Wengine hawakwenda huko; walichanganyika na wenyeji vijijini mwa Kigoma, wakalima na kuoa.

Rais Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, maelfu walivuka kuingia kwetu. Machi 1995 Serikali iliufunga mpaka. Ndipo ikaja Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Kwa maandishi ilikuwa bora, kwani ilichukua tafsiri ya mkimbizi kutoka Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969. Lakini ilimfunga mkimbizi kambini, na kwenda zaidi ya kilometa 4 bila kibali kukawa kosa. Kwa maoni yangu, wageni wa 1972 walitendewa kwa upole kuliko sheria yao ilivyoruhusu, na hawa wa baadaye kwa ukali kuliko sheria yao ilivyoahidi.

Uraia uliotolewa kwa zaidi ya watu 160,000 wa yale makazi matatu, ambao vyeti vyao vilianza kugawiwa mwaka 2014, haukuwahusu kwanza wale wa vijijini mwa Kigoma, ingawa walikimbia mwaka ule ule. Huko Kasulu, wakimbizi wengi wa Mtabila walivuliwa hadhi yao mwaka 2012, na kambi ikafungwa mwisho wa mwaka. Burundi ilipochafuka tena mwaka 2015, Nyarugusu ilifurika na Nduta ikafunguliwa upya. Miongoni mwa waliopokelewa walikuwamo watu waliorudishwa kwao kutoka Mtabila miaka mitatu tu iliyotangulia.