Tume ya Kudumu ya Uchunguzi: Ripoti ya mwaka bila majina



Mwananchi aliyeonewa na ofisa wa serikali amlalamikie nani? Swali hilo liliikabili Tanganyika muda mfupi baada ya uhuru. Januari 1964 Rais Julius Nyerere aliunda tume, chini ya uenyekiti wa Rashidi Kawawa, ipendekeze namna ya kuendesha demokrasia ya chama kimoja. Katika ripoti yake ya mwaka 1965, tume hiyo ilikataa wazo la kuingiza haki za raia katika katiba, kwa hoja kwamba haki hizo zingeigombanisha serikali na mahakama na kuchelewesha maendeleo. Badala yake ilipendekeza chombo maalumu cha kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya viongozi wanaotumia vibaya madaraka yao.

Chombo hicho ndicho kilichoitwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi. Kiliwekwa na Katiba ya Muda ya mwaka 1965, kikapewa sheria yake mwaka 1966, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Chifu Erasto Mang'enya, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Hutajwa kuwa cha kwanza cha aina yake barani Afrika.

Asili ya wazo hilo ni Sweden, ambako tangu mwaka 1809 Bunge humteua mtu wa kuwachunguza watendaji wa serikali. Tanzania ililichukua wazo hilo ikabadili shina lake. Wajumbe wa Tume waliteuliwa na Rais, matokeo ya uchunguzi yalipelekwa kwa Rais, naye ndiye aliyeamua la kufanya. Tume haikuweza kumwachisha mtu kazi wala kutengua uamuzi wa ofisi yoyote. Kazi yake ilikuwa kuchunguza na kushauri. Rais aliweza kusimamisha uchunguzi, na yeye mwenyewe hakuweza kuchunguzwa.

Kwa hiyo ripoti ya mwaka ilikuwa na uzito wa pekee, maana ndiyo njia ambayo Bunge lilipata habari za kazi ya Tume. Lakini ripoti zilikuwa za namna mbili. Ile ya kila shauri, yenye majina, ilikwenda kwa Rais. Ile ya mwaka, iliyowasilishwa bungeni, ilieleza mashauri bila kumtambulisha mlalamikaji wala mlalamikiwa. Sababu yake haikuwa ya kupuuzwa: mnyonge alikingwa na kisasi, na ofisa alikingwa na fedheha ya tuhuma zisizothibitishwa. Hata hivyo, mbunge aliyeisoma alijua kwamba kosa limetendeka, asijue nani wa kumwuliza.

Tusiidharau Tume hiyo. Wajumbe wake walisafiri wilayani, wakaitisha mikutano, wakasikiliza malalamiko ya mdomo ya watu wasiojua kuandika. Kwa mkulima ambaye mahakama ilikuwa mbali na wakili hakumwona maishani, huo ulikuwa mlango uliofunguliwa.

Wakati ulibadilika. Mwaka 1984 haki za raia ziliingizwa katika katiba, na kuanzia mwaka 1988 mahakama zikawa na uwezo wa kuzisimamia. Mwaka 2001 sheria mpya iliiondoa Tume ya Kudumu na kuanzisha Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Hiyo humkabidhi waziri taarifa yake ya mwaka, naye huiwasilisha bungeni. Ushauri wake ukipuuzwa, yaweza kwenda mahakamani kuomba utekelezwe.

Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo, ripoti kuwekwa mezani si sawa na ripoti kujadiliwa. Chombo cha ushauri hakina askari wala hazina. Nguvu yake ni kusikilizwa. Bunge lisipouliza mwaka huu ushauri wa mwaka jana uliishia wapi, yule mkulima aliyetembea kutwa nzima kupeleka shauri lake atakuwa ameandikwa tu, hajajibiwa.