Kitanda cha mtoto, mitumba, bei ya kutupa

Juzi dada yangu alinitumia tangazo la kitanda cha mtoto, mitumba, akauliza, "Kaka, ninunue?" Niliwahi kuandika programu ya kuchuja matangazo kwa tovuti moja ya mauzo, kwa hiyo swali lilinigusa. Wacha niwaeleze yaliyotokea Marekani.

Huko, sheria ya Agosti 2008 ilikataza kuuza bidhaa ambayo imeitishwa irudishwe kwa sababu ya hatari, hata ikiwa mitumba. Juni 2011 vikapigwa marufuku vitanda vya watoto ambavyo ubavu mmoja hushushwa. Vishikizo vikilegea, ubavu huachana na godoro na mtoto hunaswa hapo katikati. Tangu 2000 vilikuwa vimehusishwa na vifo visivyopungua 32.

Dukani amri kama hiyo hutekelezeka, kwani kila boksi lina nambari. Mtandaoni kuna picha ya sebuleni na maneno "hali nzuri" tu.

Septemba 2021 kampuni ya Boppy iliitisha mito yake milioni 3.3 ya kumpumzishia mtoto mchanga, baada ya vifo vya watoto 8. Mauzo ya madukani yakakoma. Lakini Juni 2023 CPSC, tume inayosimamia usalama wa bidhaa huko, ilitangaza vifo vingine viwili, na ikasema kwamba kila mwezi huiomba Facebook Marketplace iondoe takriban matangazo 1,000 ya mto huohuo. Kila mwezi!

Mimi sishangai sana. Programu yangu ilikuwa na orodha ya majina yaliyokatazwa, basi. Muuzaji akiandika "mto wa mtoto", anapita. Wala si tapeli, ni mama anayepunguza vitu nyumbani, hana habari. Kitufe cha kuripoti nacho humtegemea mnunuzi, ambaye pia hana habari. (Matapeli ni rahisi zaidi kuwanasa, amini usiamini.)

Nilipendekeza kwamba anayeuza vitu vya watoto alazimike kutoa jina la mtengenezaji, modeli na picha ya lebo, tulinganishe na orodha za bidhaa zilizoitishwa kabla tangazo halijatoka. Nikaambiwa matangazo yatapungua. Kweli, yangepungua.

Dada nilimwambia aombe picha ya lebo iliyo chini ya kitanda. Muuzaji alituma picha nyingine ya godoro.