Edward Steere na Nyimbo za Kikristo za Unguja

Edward Steere (1828–1882), askofu wa tatu wa misheni ya Kianglikana ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa), ni miongoni mwa waanzilishi wa uimbaji wa Kikristo kwa Kiswahili. Alizaliwa London, akasomea sheria, akawa kasisi, na mwaka 1864 akafika Unguja pamoja na Askofu Tozer. Huko Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliotolewa utumwani. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879.

Steere alijifunza lugha kwa wenyeji wa mji, akakusanya hadithi zao, akatafsiri Agano Jipya, sala na nyimbo. Alijua kazi ya kupiga chapa, akawafundisha vijana wa misheni kupanga herufi. Katika vituo vya misheni vya Kiungani na Mbweni, Unguja, walikaa Wayao, Wamakua na watu wa Nyasa waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kiswahili kiliwaunganisha, na watu hao ndio walioupa uimbaji wa Kikristo wa Kiswahili sauti yake.

Kufasiri wimbo wa Kiingereza ni kazi ngumu. Mstari wa mizani 8 humeza maneno mengi mafupi ya Kiingereza, lakini Kiswahili hupata matatu au manne tu. Tena mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali tuni nyingi za Kiingereza hukaza silabi ya mwisho, hivyo neno hupindika mdomoni. Mshairi wa pwani aliyezoea vipande vya mizani 8 angeweza kusaidia sana hapa.

Katika kuchagua nyimbo za kufasiri, UMCA ilipenda nyimbo za kalenda ya kanisa: Majilio, Kwaresima, Pasaka. Nyimbo za uamsho, za watunzi wa Marekani kina Ira Sankey na Fanny Crosby, zilienea kwa Kiswahili kupitia misheni nyingine, na leo nyingi zimo katika kitabu cha nyimbo Tenzi za Rohoni. Uamsho wa Afrika Mashariki uliochipuka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 uliongeza wimbo wake wa Kiganda, Tukutendereza.

Steere alifariki Unguja mwezi Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa kuu la Mkunazini, alilolijenga palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Lakini Waafrika waliomsahihishia Kiswahili hawatajwi ipasavyo. Wachapishaji wa vitabu vya nyimbo wawatafute, na majina yao yachapwe kando ya la askofu.